Dalali Wetu na Sinema Yake

Nchi nzima inamjua kwa jina la kwenye televisheni, jina lenye mbwembwe ambalo sitaliandika hapa. Sisi wa Kirua Vunjo, huku mlimani Kilimanjaro, tunamwita Dalali, kwa sababu kabla ya mabango na suti za kumetameta alikuwa mtu wa kunadi kuku na ndizi nje ya kanisa letu kila Jumapili. Kwangu mimi amebaki huyo. Nikimkumbuka ninamwona amesimama juu ya kreti la soda, koti la kijivu limemzidi mabega, jogoo mkononi, na usharika mzima umenyamaza kumsubiri afungue mdomo.

Kwa asiyejua utaratibu wetu: mtu asiye na fedha ya sadaka analeta alichonacho, iwe mkungu wa ndizi, mayai, chupa ya maziwa au hata kabichi. Ibada ikiisha, vitu hivyo vinatolewa nje na kunadiwa pale kwenye majani mbele ya kanisa. Ni shughuli inayoweza kuchosha. Watu wana njaa, watoto wanalia, kila mwanamke anawaza mtori aliouacha jikoni. Zamani ilifanywa na mzee wa kanisa ambaye alitaja bei kwa sauti ya kutangaza misiba, na watu walikuwa wanachomoka mmoja mmoja kupitia nyuma ya choo.

Dalali alipokabidhiwa ile kazi, hakuna aliyechomoka tena. Hakutaja bei mwanzoni. Alimtazama kuku, kuku akamtazama yeye, kimya kikarefuka mpaka watoto wakaanza kuziba midomo. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Huyu kuku namfahamu. Ni wa mama mwalimu wa kwaya. Hatagi mpaka apigiwe kinanda." Kwaya nzima ikapiga kelele. "Anayemtaka amchukue," akaendelea, "ila ajue na kinanda atanunua."

Siku moja uliletwa mkungu mdogo wa ndizi mshare, mdogo wa kusikitisha, na sote tulijua umetoka kwa mzee mwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kikubwa kuliko wote pale. Tulikaa tayari tuone anavyoumbuliwa. Dalali aliubeba ule mkungu kwenye mikono yake miwili, taratibu, akamwendea mchungaji na kumwuliza, "Baba mchungaji, huyu tumbatize leo au tumwache kwanza akue?" Mchungaji alicheka mpaka akashika ukuta. Yule mzee alicheka kuliko wote, akaununua mwenyewe, na Jumapili iliyofuata akaleta mkungu uliobebwa na vijana wawili. Hakuna mahubiri yaliyowahi kumfikisha hapo.

Mimi nina kicheko kibaya. Marehemu mume wangu alikuwa anasema kinaanza kama kikohozi na kuishia kama pikipiki inayogoma kuwaka. Dalali alikuwa rafiki yake tangu walipopata kipaimara pamoja, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana shemeji, na kicheko changu alikijua vizuri. Alikuwa ananitafuta kwa macho kabla hajaanza. Nikianza kukohoa tu anainua mkono na kuwaambia watu, "Subirini, subirini, shemeji anawaka." Nikishawaka, basi, mnada umefunguliwa. Niseme ukweli, nilikuwa naona fahari. Kuna wanawake wanaotambulika kwa uzuri au kwa sauti ya kwanza, mimi nilitambulika kwa hilo na likanitosha.

Kitu ambacho watu wa televisheni hawakukijua ni Jumamosi zake. Kila Jumamosi jioni alipita kijijini nyumba kwa nyumba, anasimama kwenye ua wa masale, anauliza habari, anaondoka. Hanywi chai, hakai. Nilidhani ni umbea tu. Mara moja nikamtania, "Shemeji, wewe ungezaliwa mwanamke ungetumaliza kijiji kizima." Hakucheka. Akaniambia, "Nauliza nani mgonjwa, nani kafiwa, nani mtoto wake kafeli, nani kagombana na mume. Hao kesho siwagusi. Nikimgusa mwenye kidonda watu watacheka, tena sana, ila yeye Jumapili ijayo hatakuja." Akaendelea na njia yake kwenda nyumba inayofuata.

Ungemkuta siku ya kazi usingeamini kuwa ndiye yeye. Nje ya lile kreti alikuwa mtu mkavu. Unamkuta mferejini anafungulia migomba yake maji, unamsalimia, anakujibu neno moja, na hilo moja analitoa kwa shida. Watoto wakimwamkia shikamoo walikuwa wanacheka kabla hata hajajibu, na yeye anakasirika kweli: "Nimesema marahaba. Marahaba ina nini cha kuchekesha?" Hapo ndipo wanagaagaa chini. Alikuwa mchoyo wa maparachichi yake, mchoyo wa aibu, anayaokota alfajiri kabla wapita njia hawajaamka. Lakini mtu akitaka kusaidiwa kuvuna kahawa, au kumbeba mgonjwa mpaka barabarani, anamkuta ameshafika.

Mume wangu alipofariki niliogopa kumwona. Uso wangu ulikuwa umezoea kucheka kila akitokea, na sikujua ungefanya nini safari hii. Alikuja, akasimama mlangoni, hakusema la pole wala la nini. Akachukua panga na kamba, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Muda wote wa matanga ng'ombe wangu alikula majani aliyokata Dalali. Sasa, ni lazima niseme kwamba mtu huyu, amezaliwa na kukulia Kilimanjaro, alikuwa anaogopa ng'ombe. Nilimwona kupitia dirishani akiurusha mzigo wa majani kwa mbali, unapita juu ya uzio, ng'ombe anainua kichwa kumshangaa, naye anatimua mbio mpaka jikoni. Nikajikuta nimewaka, pale pale kwenye matanga, na kanga yangu ya msiba mdomoni. Mama mkwe wangu alikuwa kakaa pembeni yangu. Alinikata jicho, akachungulia dirishani, akamwona anarudi kunyatia mzigo wa pili, na yeye akashindwa. Tulicheka na kulia mle chumbani, na Dalali hakujua kama kuna mtu aliyemwona. Deni hilo, kama ni deni, sijui nitalilipa kwa nini.

Televisheni ilimpata kwa njia rahisi. Kijana mmoja aliyekuja likizo alimrekodi kwa simu kwenye mnada wa Krismasi, ikasambaa, na kabla ya Pasaka Dalali alikuwa Dar. Tukawa tunajazana dukani kwenye televisheni ya mangi kumwangalia. Mwanzoni alikuwa yule yule. Alituchukua sisi wenyewe, akatupa majina mengine, akatupeleka mjini: mzee wa mkungu mdogo alikuwemo, mwalimu wa kwaya alikuwemo, mimi nilikuwemo na pikipiki yangu. Tulikuwa tunapigana viwiko. "Wewe huyo!" "Mimi wapi, wewe huyo!" Nchi nzima ilikuwa inatucheka bila kutujua, na tuliona raha ambayo siwezi kuieleza.

Desemba alirudi kama Wachagga wote wanavyorudi, na Jumapili ya Krismasi akapanda kreti lake. Watu walitoka Uru, walitoka mpaka Bomang'ombe. Mchungaji akalalamika kwamba hajawahi kuona waumini wengi namna ile wanaochelewa ibada na kuwahi mnada.

Kilichokuja kuharibika kiliharibikia kwenye Jumamosi. Miaka iliyofuata kazi zilimzidi, akawa anafika usiku wa kuamkia sikukuu, anashuka kwenye gari na miwani myeusi, asubuhi yuko kanisani. Hakupata nafasi ya kuzunguka. Krismasi moja binti mmoja wa pale kwetu akaleta keki, keki nzuri yenye maua ya sukari. Dalali akaiinua juu na kusema, "Hii ni ya harusi! Bwana harusi yuko wapi aje aikomboe?" Watu wakacheka kwa sababu walishazoea kumcheka. Sisi majirani tulikodoa macho. Yule binti alikuwa ameachwa na mchumba wake wiki chache nyuma, kadi zimeshagawiwa, na keki ile ndiyo aliyokuwa ameiagiza kwa harusi.

Binti aliondoka akipita katikati ya watu. Dalali alimfuata kwa macho mpaka kwenye geti, na kwenye nyuso zetu akasoma kosa lake. Aliiweka keki chini, akashuka kwenye kreti, hakunadi tena kitu siku ile. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa wazazi wa binti na jani la isale, lile la nyua zetu, mkononi, kama inavyotakiwa kwetu mtu anapoomba radhi, na mwenye jani hilo harudishwi. Alisamehewa. Binti mwenyewe alimmiminia mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini Desemba iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja, na kreti likarudi kwa mzee wa kanisa.

Nilimkumbuka kwa namna ambayo ilinishangaza. Nilishamzika mume, wanangu wameshaolewa na kuhama, nilidhani nimezoea nyumba kuwa kimya. Ila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nasimama pale kwenye majani, nasikia bei ya kabichi ikitajwa, na kifua kinauma kwa kukosa kitu cha kukohoa. Binti yangu alinitumia vipande vya zamani vya Dalali kwenye simu. Niliviangalia mpaka nikavijua kwa moyo, na kicheko cha kitu unachokijua kwa moyo ni kidogo sana.

Kwa hiyo mwaka huu tuliposikia ametoa sinema, na kwamba itaonyeshwa ukumbini Moshi na mwenyewe atakuwepo, nilishona gauni. Mama mkwe wangu, ambaye siku hizi anashuka mjini kwa ajili ya hospitali tu, akasema na yeye anakwenda. "Huyo ni mtoto wetu," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Wanawake wa usharika tukakodi gari, tukateremka tunaimba.

Sitaki kuisema vibaya sinema ile kuliko inavyostahili. Picha zilikuwa safi. Dalali amepakwa rangi nywele zikawa nyeusi tii, amevaa suti, yeye ni mfanyabiashara mchoyo kutoka mlimani anayejifanya amekufa ili akwepe kuwasomesha wapwa zake. Ndugu wanadondosha sarafu kando ya jeneza, naye anafumbua jicho. Utani huo hakuna Mchagga ambaye hajataniwa nao tangu shule ya msingi. Akaongea kwa lafudhi nzito ambayo mimi niliyezaliwa huku sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote. Na kila alipomaliza neno walikuwa wameweka sauti ya watu wanaocheka, watu ambao hawakuwepo mahali popote. Nilikaa na gauni langu jipya nasubiri kikohozi kije. Nilijisukuma. Hakikuja.

Halafu kikatokea kipande cha kihambani. Dalali anapita kwenye kijia kati ya migomba, anajidai na fimbo yake, anakanyaga ganda la ndizi, miguu juu, chini pu! Watu wa kwenye sinema wakacheka. Ukumbi kimya. Na katika kimya kile mama mkwe wangu, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo anaongea kwa nguvu, akauliza, "Mae! Ganda hilo nani kalitupa njiani? Kwani hao hawana ng'ombe?"

Ukumbi ukalipuka. Kila mmoja mle ndani anatoka nyumba ambayo maganda yanawekwa kwenye beseni, na beseni linakwenda bandani. Ukiacha ganda njiani utaulizwa umelelewa wapi. Nikawaka na mimi. Nikawaka mpaka mwisho, pikipiki nzima, machozi yananitoka. Na mbele kule, kiti cha kwanza, Dalali aligeuka. Alikuwa mbali, hakusikia alichosema mama. Alisikia ukumbi, na katikati ya ukumbi akanisikia mimi. Uso wake ukafunguka wote, ule uso wa juu ya kreti, akainua mkono kunionyesha. Kicheko kilinikauka kooni palepale.

Alikuja nyumbani baada ya siku chache, asubuhi, peke yake. Alikuwa anachechemea. Nilikuwa nakatakata mgomba wa kumpa ng'ombe. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," nikampa stuli na chai. Zile nywele za kupakwa rangi zilikuwa zimeanza kuonyesha mvi chini.

"Shemeji, nilikusikia," akasema.

"Nilijua umenisikia."

"Kule mitandaoni wamenitukana. Wanasema nimeisha, niende nikalime. Nikasema sawa, semeni. Lakini nyumbani wamecheka. Pale kwenye ganda! Shemeji mwenyewe kawaka, kwa masikio yangu." Akanywa chai kwa furaha. "Nimeshampigia mwongozaji. Sehemu ya pili tunaifanyia huku huku kihambani. Nimemwambia nianguke zaidi. Nianguke mwanzo, nianguke katikati. Goti hili bado linauma toka siku ile, ila litapoa."

Niliendelea kukata mgomba kwa sababu sikuwa na pa kupeleka mikono. Ningenyamaza angeondoka na furaha yake. Angekwenda kuanguka mbele ya kamera na goti lile, kwa umri ule, kwa ajili ya kicheko ambacho hakikuwa chake, na mimi ndiye ningekuwa nimemsukuma. Nikaweka panga chini.

"Shemeji, pale hatukukucheka wewe. Tulimcheka mama." Nikamweleza alichosema, neno kwa neno.

Hakuelewa mara moja. Alimtazama mama mkwe, ambaye alikuwa anamenya ndizi jikoni, mlango wazi, maganda yanaangukia kwenye beseni. Alitazama lile beseni kwa muda mrefu.

"Na kwingine?" akauliza.

"Kwingine sikucheka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, shemeji."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani atasimama aende, na nilikuwa tayari kumwacha aende. "Hilo ganda nililijua," akasema. "Nilimwambia mwongozaji, kwetu maganda wanakula ng'ombe. Akasema Dar watajuaje? Nikanyamaza. Nilijua ni uongo, shemeji. Nilidhani hata nyie huku mmeshasahau."

"Hatujasahau. Tumekukumbuka. Mimi nimekukumbuka mpaka naumwa."

Kisha nikaona anajinyoosha kwenye stuli, mabega juu, na akaanza kunisimulia kisa cha mlinzi wa nyumba anayokaa huko Dar na mbwa wake anayebweka saa ya kula tu. Alikisimulia kwa ile lafudhi ya sinema, macho ameyatoa, mikono hewani. Kila penye pa kuchekea alikuwa ananitazama na kungoja.

Sijawahi kutamani kucheka kama nilivyotamani asubuhi ile. Ningeweza kukohoa kidogo tu, angalau cha kuanzia, na mzee mwenzangu angepona. Nilikaza taya nikamtazama usoni. Alifika mwisho wa kisa, akangoja. Ng'ombe alikuwa anatafuna bandani. Sikucheka.

Mikono yake ilishuka magotini. Alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali.

"Aika, shemeji," akasema, akinishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Huko hakuna anayeninyamazia hivi."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka pembeni. "Ngoja," akasema, safari hii kwa sauti yake, ya chini, ile anayoitumia mferejini. "Nianze upya. Huyo mlinzi kwanza ni mgonjwa. Hilo nilipaswa kukuambia mwanzo, na yeye simgusi."

Nikavuta stuli yangu nikasogea karibu.